Barua ya Wazi: Ukaguzi wa Ufikivu Usiachiwe Waliozuiwa Mlangoni

KWA: Mawaziri na watendaji wakuu wenye dhamana ya majengo, usafiri, leseni za biashara na masuala ya watu wenye ulemavu

YAH: USIMAMIZI WA UFIKIVU KATIKA MAENEO YA UMMA NA SEHEMU ZA BIASHARA

Waheshimiwa,

Barua hii inahusu jambo ambalo serikali nyingi zimekwisha kulikubali kwa maandishi, na ambalo ni chache kati yake zinalisimamia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008, na leo umeridhiwa na nchi zaidi ya 180. Ibara yake ya 9 haikuishia kutamka kwamba majengo, barabara, vyombo vya usafiri na huduma zilizo wazi kwa umma ziweze kufikiwa na kila mtu. Inazitaka nchi ziweke viwango vya chini, zivitangaze, zifuatilie kama vinatekelezwa, na zihakikishe kwamba hata mtu binafsi anayefungua milango yake kwa umma anazingatia mahitaji ya watu wenye ulemavu. Viwango vimeandikwa. Vimetangazwa pia, pengine kwa sherehe. Ufuatiliaji ndio ulioachwa mikononi mwa mtu asiye na madaraka yoyote, naye ni yule yule aliyekwama mlangoni.

Katika nchi nyingi utaratibu unakwenda hivi: jengo likijengwa kinyume cha kanuni, au duka, benki, zahanati au kituo cha mabasi kikiwa hakiingiliki, hakuna ofisa atakayefika mpaka mtu alalamike. Mlalamikaji huyo anatakiwa ajue sheria inasema nini, ajue ni ofisi ipi inayohusika miongoni mwa ofisi kadhaa zinazosukumiana jukumu, aandike, aambatanishe picha, kisha asubiri huku biashara ikiendelea kama kawaida. Ikiwa haoni, picha hiyo atampigisha nani? Ikiwa ni kiziwi, atajieleza vipi mbele ya ofisa asiyejua lugha ya alama na asiye na mkalimani? Na zipo ofisi za kupokelea malalamiko ambazo zenyewe ziko ghorofani, katika jengo lisilo na lifti.

Matokeo yake ni daftari lenye malalamiko machache, na mkuu wa idara hulisoma kuwa ni ushahidi wa hali shwari. Sisi tunalisoma kinyume. Mtu anayezuiwa mara kwa mara haendelei kulalamika. Anaacha kutoka, anamtuma ndugu yake, au anahamia duka lenye mlango mpana hata kama liko mbali, na kukosekana kwake hakuingii katika takwimu zozote. Mwenye biashara naye husema, tena kwa unyofu kabisa, kwamba hajawahi kupata mteja anayetumia kiti cha magurudumu. Atampataje, wakati pana ngazi tano kabla ya kaunta? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa. Umati huo haukosekani madukani na maofisini kwa sababu hauna shida za kuupeleka huko.

Zipo shughuli ambazo serikali hazisubiri lalamiko ndipo zizikague. Mizani ya mfanyabiashara hukaguliwa na ofisa anayekuja na mawe yake ya kupimia, hugongwa muhuri, na hukaguliwa tena baada ya muda uliowekwa, kwa sababu inafahamika kwamba mnunuzi hawezi kujua kwa macho kuwa amepunjwa na kwamba si kazi yake kutembea na mawe mfukoni. Vifaa vya kuzimia moto hukaguliwa kabla moto haujawaka. Hatuombi mamlaka mpya yenye jengo lake, magari yake na mkurugenzi wake. Tunaomba mlango, njia, choo, kaunta na tangazo viingizwe katika ukaguzi ambao tayari unafanywa, na kwamba kibali cha kuendesha biashara kisihuishwe pale ambapo mmiliki ameonyeshwa kasoro, amepewa muda, na hakufanya lolote.

Mfumo wa kutegemea walalamikaji umejaribiwa hata mahali penye sheria kali, na kasoro zake zinaonekana. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu, iliyotiwa saini tarehe 26 Julai 1990, imebadilisha sura ya miji ya nchi hiyo kiasi ambacho wengi wetu tunakitamani. Hata hivyo, kwa upande wa biashara binafsi, utekelezaji wake umeegemea zaidi malalamiko na kesi. Mtu binafsi anayeshtaki chini ya sehemu hiyo ya sheria ya shirikisho hapati fidia. Anachoweza kupata ni amri ya kurekebisha kasoro na gharama za wakili. Jimbo la California likaweka sheria yake yenye fidia isiyopungua dola 4,000 kwa kila kosa, na hapo ikazuka lawama nyingine, ya walalamikaji wachache na mawakili wao kufungua kesi nyingi mfululizo, huku wenye biashara wakisema kwamba walijua kosa lao kwa mara ya kwanza walipopokea hati ya mashtaka. Hatuwalaumu wanaoshtaki, kwa kuwa hiyo ndiyo silaha waliyoachiwa. Tunachosema ni kwamba mahali ambapo mkaguzi wa serikali angetangulia kufika na notisi yake, sehemu kubwa ya ugomvi huo isingekuwapo.

Ukaguzi wenyewe si jambo la kukisia, na tungependa tulieleze hili kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Kiwango cha mteremko kinachotumika sana ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 30. Njia ya mteremko inayozikwepa lazima basi iwe na urefu usiopungua mita 3.6. Mkaguzi akikuta kando ya ngazi hizo kipande cha zege chenye urefu wa mita 1.5, mteremko wake ni 1 kwa 5, na anayejisukuma mwenyewe hawezi kuupanda bila hatari ya kupinduka kinyumenyume. Kuushuka ndiko kubaya zaidi. Vipande vya namna hiyo vimezagaa kwa sababu fomu ya ukaguzi, mahali inapokuwapo, huuliza tu kama njia ya mteremko ipo au haipo, na fundi huijibu fomu kwa mifuko miwili ya saruji. Fomu iulize urefu, kimo na upana; iulize kama kuna vishikio pande zote mbili, na kama kuna sehemu tambarare juu na chini ambapo mtu anaweza kusimama akafungua mlango bila kurudishwa na mteremko. Vivyo hivyo kwa mlango wenyewe: kinachopimwa ni uwazi unaobaki mlango ukiwa umefunguliwa, ambao haufai kuwa chini ya sentimita 80, wala si upana wa fremu. Chooni, kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi ya kugeukia yenye kipenyo cha karibu mita 1.5, na nafasi hiyo haipo ikiwa mlango unafungukia ndani na kuimeza. Futi ya chuma na kipima mteremko cha simu vinatosha kwa kazi ya siku ya kwanza.

Michoro, tukisema kweli, huwa mizuri. Mwombaji wa kibali cha ujenzi anajua ofisa atatafuta nini kwenye karatasi, na anakiweka. Kasoro huingia wakati wa kujenga, pale kiwanja kinapoonekana kifupi na njia ikakatwa. Na huingia kwa wingi zaidi baada ya jengo kupata cheti cha kuruhusiwa kutumika, wakati ambao hakuna tena anayelitazama. Choo kilichotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu hugeuzwa stoo ya mafagio na viti vilivyovunjika. Lifti hufungwa kwa ufunguo unaokaa kwa mlinzi, na mlinzi amekwenda kula. Mlango wa pembeni wenye njia ya mteremko hufungwa kwa sababu za usalama, na mgeni huelekezwa apige simu kwa namba iliyobandikwa juu kuliko macho ya mtu aliyeketi. Nafasi ya kuegesha gari iliyochorwa alama huchukuliwa na gari la meneja. Kasoro hizi hazigharimu chochote kuziondoa, na hakuna mchoro unaoweza kuzionyesha. Zinaonekana tu kwa mtu anayefika bila kutoa taarifa, siku ya kazi, akajaribu kuingia, kupata huduma, kwenda chooni na kutoka.

Tunataja kutoka kwa makusudi, kwani viwango vingi hutumia nguvu zote kwenye kuingia. Moto ukizuka lifti hazitumiki, na mtu aliyepandishwa ghorofa ya nne kwa lifti nzuri hubaki huko akiangalia ngazi. Jengo linalompokea linawajibika kuwa na eneo salama la kusubiria waokoaji, lililokingwa na moshi na lenye njia ya kuwasiliana, na wafanyakazi wanaojua ni nani anayekwenda huko kumchukua. King'ora nacho kinamfaa anayesikia. Kiziwi aliye peke yake chooni anahitaji taa inayowaka na kuzima kumwonya. Mkaguzi wa zimamoto na mkaguzi wa ufikivu wakikutana kwenye jengo moja siku moja, mambo haya yataonekana. Wakipishana, kila mmoja atadhani mwenzake ameyaandika.

Barabarani hali ina sura yake. Vigae vyenye vinundu vinavyomwongoza asiyeona vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake, vikawekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika mji wa Okayama, na tangu hapo vimeenea duniani. Vinundu vya duara huonya kwamba kuna hatari au mabadiliko mbele, na mistari huonyesha mwelekeo wa kwenda. Fundi asiyejua tofauti hiyo huvipanga kama mapambo, na asiyeona anayeviamini kwa fimbo yake hupelekwa kwenye nguzo ya taa au ukingo wa mtaro. Kazi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutofanya kitu, maana inamdanganya mtu aliyefundishwa kuitegemea, na inapokewa na mhandisi wa serikali aliyetia saini bila kutembea hata hatua kumi juu yake.

Kuna pia vizuizi vipya ambavyo wakaguzi wa majengo hawajazoea kuviona kuwa ni vizuizi. Mashine za tiketi na za malipo zenye kioo kitupu cha kugusa, bila sauti na bila vitufe vyenye alama, zimemnyang'anya asiyeona jambo alilokuwa akilifanya mwenyewe, na sasa inambidi amtajie mtu asiyemfahamu namba yake ya siri. Umoja wa Ulaya umelitazama hili: sheria yake ya mwaka 2019 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma, iliyoanza kutumika kwa wafanyabiashara tarehe 28 Juni 2025, inagusa mashine za kutolea fedha na za tiketi, huduma za benki na biashara za mtandaoni, na inazitaka nchi wanachama ziwe na mamlaka za kufuatilia soko. Kwa mazingira ya majengo sheria hiyo imeziachia nchi hiari, na tunaona huo ni upungufu, kwa sababu mashine inayosema haina faida kwa mtu aliyeshindwa kuifikia.

Serikali ianze na milango yake yenyewe. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la George Lane, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye aliitwa kujibu shtaka katika mahakama ya wilaya huko Tennessee, kwenye jengo lisilokuwa na lifti. Mara ya kwanza alitambaa ngazi kwa mikono hadi juu. Aliporudi kwa ajili ya kusikilizwa alikataa kutambaa tena na akakataa kubebwa na maofisa, naye akakamatwa na kutiwa ndani kwa kosa la kutofika mahakamani. Mahakama Kuu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba jimbo linaweza kushtakiwa kwa jambo kama hilo. Uamuzi huo ulikuja miaka 14 baada ya sheria kutiwa saini, na aliyekuwa akishtakiwa ni serikali yenyewe. Ofisa wa leseni anayefanya kazi ndani ya jengo lisiloingilika hana uso wa kumwandikia notisi mwenye kinyozi.

Mtatuambia kwamba muda umekwisha kuwekwa na kwamba kila kitu kitakamilika ifikapo mwaka fulani. Tunaziheshimu tarehe, lakini tumeona zinavyopita. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 11 Februari 2005, ilizipa sehemu zinazopokea umma miaka kumi hivi, hadi mwanzoni mwa 2015. Ilipofika 2014 ilikuwa dhahiri kwamba sehemu nyingi zilikuwa bado, na serikali ikaanzisha utaratibu wa ratiba mpya ulioruhusu nyongeza ya miaka mitatu kwa wengi na hadi tisa kwa baadhi. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilipitisha sheria yake mwaka huo huo wa 2005 likilenga kuwa na ufikivu kamili ifikapo 2025. Tarehe ikafika, lengo halikufikiwa, ingawa sheria ilikuwa na faini inayoweza kufika dola 100,000 kwa siku kwa kampuni. Faini kubwa isiyotozwa haimtishi mtu. Kinachomsukuma mmiliki kuita fundi ni kujua kwamba mwaka huu kuna mtu atakuja, na kwamba mwakani atarudi kuona kama alichoagiza kimefanyika. Kila tarehe ya mwisho inayowekwa iwe na hatua za katikati zinazopimwa, ili kushindwa kuonekane mwaka wa pili badala ya mwaka wa kumi.

Hatuandiki haya ili biashara ndogo zifungwe. Mwenye chumba kimoja cha kupanga hawezi kutendewa sawa na kampuni yenye matawi mia, na sheria nyingi zinalijua hilo. Kanuni za Marekani zinampa mmiliki mpangilio wa vipaumbele ambao tunauona una busara: kwanza mtu aweze kuingia kutoka barabarani, kisha aweze kufikia bidhaa na huduma, kisha choo, kisha mengineyo, na mfanyabiashara mdogo anaweza kupunguziwa kodi kwa sehemu ya gharama za marekebisho. Mkaguzi mzuri angeweza kumwonyesha mwenye duka mambo ya kufanya leo kwa kusogeza rafu na kuondoa kizingiti, mambo ya kufanya ndani ya miezi sita, na mambo yanayomhusu mwenye nyumba na si mpangaji. Tunaomba mlitazame sana hili la mwisho, maana mpangaji na mwenye nyumba hutupiana lawama mpaka kila mmoja amechoka, na ngazi zikabaki pale pale. Ila udogo wa biashara usiwe kinga ya kudumu. Maoni ya Jumla Namba 2 ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ya mwaka 2014, yanasema wazi kwamba wajibu wa ufikivu hauna masharti, na kwamba mwenye wajibu hawezi kujitetea kwa kutaja mzigo wa gharama; kipimo cha uwezo kinahusu marekebisho anayoombewa mtu mmoja mmoja. Kwa majengo mapya hatuoni hoja yoyote ya kusikilizwa.

Wakaguzi wawe nani? Ibara ya 33 ya Mkataba inataka pawe na chombo huru cha ufuatiliaji, na kwamba watu wenye ulemavu na jumuiya zao washirikishwe kikamilifu. Kushirikishwa huko mara nyingi kumekuwa mwaliko wa semina, chai, na saini kwenye karatasi ya mahudhurio. Tunataka wawe ndani ya timu ya ukaguzi, wenye mafunzo, kitambulisho na malipo kama mkaguzi mwingine yeyote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake: mhandisi anayetembea kwa miguu anaweza kupima mlango kwa usahihi na bado asitambue kwamba komeo lake halishikiki kwa mkono wenye udhaifu, au kwamba zulia nene la mapokezi linayakwamisha magurudumu ya mbele. Timu iwe na anayetumia kiti cha magurudumu, asiyeona na kiziwi, wala asichukuliwe mmoja akawasemea wote, kwa kuwa kinachomfaa mmoja huweza kumzuia mwingine. Ukingo wa barabara uliosawazishwa kabisa kwa ajili ya magurudumu humwondolea asiyeona alama iliyokuwa ikimwambia kwamba ameingia barabarani.

Na matokeo yatangazwe. Kila sehemu iliyokaguliwa ibandike mlangoni na iweke mtandaoni tarehe ya ukaguzi, kasoro zilizokutwa na siku ya mwisho ya kuzirekebisha. Taarifa hiyo ingetuwezesha kupanga safari zetu hata kabla kasoro haijaondolewa. Ingewaonyesha pia wananchi ni ofisi gani inayokagua na ni ipi inayojaza fomu ikiwa imekaa mezani. Malalamiko yaendelee kupokelewa, kwa simu, kwa ujumbe, kwa video ya lugha ya alama au ana kwa ana, lakini yawe nyongeza ya kumkumbusha mkaguzi alichopitwa nacho.

Tunaomba mtujibu kwa maandishi mambo manne: ni wakaguzi wangapi wa majengo na leseni walio chini yenu waliopata mafunzo ya ufikivu, ni sehemu ngapi zilikaguliwa mwaka uliopita bila kuwapo lalamiko, ni notisi ngapi zilitolewa na ngapi zilifuatiliwa hadi mwisho, na ni majengo mangapi ya ofisi zenu wenyewe yaliyopimwa. Kama jibu la swali lolote ni sifuri, tunaomba liandikwe hivyo hivyo. Jibu litumwe kama matini ambayo programu ya kusoma skrini inaweza kuisoma, si picha ya barua iliyopigwa muhuri, kwa kuwa baadhi ya waliotia saini hapa hawaoni nao wangependa kulisoma wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa jamii inayofikika,

Wananchi wenye ulemavu, pamoja na ndugu na wenzao walioafiki barua hii